Bajaji haina mlango: sanduku, pazia, paking ya mlinzi au GPS?

Asubuhi moja ya masika nilitoka nje ya nyumba niliyopanga Mbagala nikaikuta bajaji palepale nilipoilaza. Pazia limeshushwa, kamba ya turubai imefungwa vilevile. Nikazungusha ufunguo: kimya. Nikanyanyua kiti. Waya mbili zilikuwa zimening'inia kama sharubu za kambale, na mahali pa betri palibaki nati mbili zimewekwa pembeni kwa adabu. Redio nayo ilikuwa imeng'olewa. Nilikizunguka chombo mara tatu nikitafuta kilichovunjwa, sikuona. Mwizi angevunja nini, na mlango hakuna?

Wakati ule nilikuwa dereva wa mkataba, naendesha bajaji ya tajiri na kumpelekea hesabu, yaani kiasi tulichokubaliana kwa siku. Sasa nina bajaji zangu mbili, na nimeshajaribu karibu kila kitu tunachoshauriana kijiweni. Mabishano hayaishi. Huyu atakwambia sanduku la chuma ndilo dawa, yule atakucheka kwamba umemtajirisha fundi bure wakati paking ya mlinzi ipo mtaa wa pili. Nilichogundua ni kwamba wengi wanabishana bila kuulizana kwanza: unalinda kitu gani, na saa ngapi? Ndiyo maana hapa nimeziweka njia nne pamoja na kuziuliza maswali yaleyale. Mfano wangu ni bajaji, ambayo wenzetu wa Mombasa wanaiita tuktuk, lakini mwenye jipu la turubai, kirikuu ya kubeba mizigo au gari la watalii lisilo na vioo ataona mengi yanamhusu.

Chombo kimoja, maegesho mawili

Mchana bajaji inaegeshwa kwa dakika. Unashuka kumsaidia mama na gunia lake la mkaa, unaenda kutafuta chenji, unaingia msalani. Mwizi wa saa hizo ni mkwapuzi. Anachukua kinachobebeka kwa mkono mmoja huku anatembea: simu iliyo kwenye kishikio, chaja, kibegi cha hesabu, mzigo wa abiria.

Usiku inaegeshwa kwa saa sita au saba. Huyo wa saa nane usiku anakuja na spana namba 10, bisibisi na mpira wa kunyonyea mafuta. Anataka betri, redio, spika, saiti mira (vioo vya pembeni), taa, tairi la akiba. Ana muda, na anaijua bajaji pengine kukuzidi.

Kuna wa tatu, wanaotaka chombo chote. Bajaji ndogo ya petroli ikiwa tupu ina uzito wa takriban kilo 350. Wanaume wanne wanaisukuma bila kuwasha injini hadi kona ya pili, na huko wanaipakia kwenye pikapu.

Kwa hiyo maswali yangu ni manne. Njia hii inamzuia yupi kati ya hao watatu? Inagharimu nini kuanza, na nini kila siku? Inakusumbua kiasi gani ukiwa kazini? Na ikishindwa, inashindwaje? Swali la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo linaloonyesha kama utalala usingizi.

Sanduku la chuma na nati zilizofungwa moja kwa moja

Hapa fundi wa kuchomelea anakutengenezea sanduku la bati nene chini ya kiti cha abiria au nyuma, lina bawaba kwa ndani na mahali pa kufuli. Betri nayo inapigiwa flati ba, kipande cha chuma bapa, juu yake na kufungwa kwa kufuli. Redio inawekewa fremu. Saiti mira na taa zinafungwa kwa bolti zinazohitaji spana isiyo ya kawaida, au vichwa vyake vinapigwa tone la kuchomelea.

Anayezuiwa sana ni mwizi wa usiku. Mkwapuzi wa mchana anazuiwa pia, ila kwa sharti moja: uwe na tabia ya kutumbukiza simu na kibegi sandukuni kila unaposhuka. Anayetaka bajaji nzima hajali sanduku, atalifungua kwake kwa nafasi.

Gharama unailipa mara moja, na inategemea unene wa bati na maneno yako kwa fundi. Omba bei kwa mafundi watatu, na umwambie kila mmoja unene unaoutaka, la sivyo yule wa bei ya chini atakuwekea bati la kopo. Kufuli lisiwe la kuning'inia. Chukua lenye shingo fupi na nene, halafu fundi alijengee kijumba cha chuma ili nondo isipate pa kuingia. Hapo ndipo pesa inapoenda kihalali.

Nichelewe kidogo kwenye hili kwa sababu nimeona mtu akiungua. Kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa, toa betri kabisa, usiishie kulegeza waya. Umeme wa ile mashine unaweza kuua rekitifaya (kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji betri) na mfumo wa kuwasha injini, na betri ya maji inatoa gesi inayolipuka kwa cheche. Mafuta nayo yahamishwe, tangi liwe mbali na moto. Sanduku la betri liachiwe matundu ya kupumua. Ukiishi karibu na bahari, Dar, Tanga au Unguja, rangi ya kuzuia kutu ipigwe siku hiyohiyo na kufuli litiwe mafuta kila mwezi, maana chumvi italigandisha na siku utakayotaka kubadili betri utaomba grenda ya jirani.

Usumbufu kazini ni mdogo ukishazoea: sekunde tano za kufungua na kufunga. Linapunguza nafasi ya miguu au mizigo, na abiria wa Kariakoo wenye mabelo watalalamika. Likishindwa, linashindwa kwa kelele, na kelele usiku ni faida yako kama kuna mtu wa kuisikia. Kwenye uwanja usio na nyumba halina tofauti na sanduku la sadaka.

Linamfaa anayelaza bajaji karibu na dirisha lake, na yule aliyeweka redio na spika za maana.

Pazia la zipu, turubai na milango

Mapazia ya turubai karibu kila bajaji inayo kwa ajili ya mvua. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanashonewa lenye zipu na pete za kupitishia kikufuli kidogo. Wachache wanachomelewa milango ya grili pande zote mbili.

Pazia linamzuia mkwapuzi wa mchana kwa njia moja tu: haoni ndani kuna nini, na hana muda wa kuchungulia. Kwa hilo linafanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Usiku ni habari nyingine. Wembe unalichana kimyakimya, na mbaya zaidi, mwizi akishaingia ndani pazia linamficha yeye. Nina hakika yule wa Mbagala alikaa humo ametulia, tochi mdomoni, akifungua nati zangu mvua ikinyesha. Jirani aliyepita aliona bajaji imefunikwa vizuri. Siku hizi usiku naacha mapazia yangu wazi yakiwa yamekunjwa juu, ili taa ya barazani imulike hadi chini ya kiti. Wengine wananiona mwendawazimu.

Wenye magari ya watalii yaliyo wazi wana mwizi wao wa pekee. Ukisimama kula mchana Tarangire, tumbili hahitaji spana. Anaingia juu, anatoka na boksi la chakula, na kuna wakati anachukua na kofia ya mgeni. Kwake turubai lililobanwa vizuri linatosha kabisa, kufuli la kazi gani?

Milango ya grili ni hatua kubwa. Inamchelewesha mwizi wa usiku na inazuia mkwapuzi moja kwa moja. Lakini inaongeza uzito, inatetema barabara mbovu, na kila abiria anasubiri umfungulie. Jambo zito zaidi ni ajali: bajaji ikilala ubavu, watu watokee wapi? Kizuizi cha upande wa kulia tumekizoea, kinamzuia abiria asishukie kwenye magari. Kufunga pande zote mbili ni jambo jingine. Bajaji ya abiria ina leseni ya LATRA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na inakaguliwa, kwa hiyo kaulize kabla ya kubadili umbo la chombo, usingoje kuulizwa na trafiki.

Gharama: pazia la zipu ni rahisi na fundi viatu mzuri anakushonea, ila zipu hukatika ndani ya mwaka wa vumbi. Milango ni ghali kuliko sanduku. Pazia linamfaa dereva wa stendi na masoko anayeshuka mara 20 kwa siku. Milango inamfaa anayebeba mizigo au bidhaa za duka, asiye na abiria wa kuwafungulia.

Paking ya mlinzi

Hii ni kulaza kwa kulipia: uwanja wenye uzio, sehemu ya kuoshea magari, sheli iliyo wazi usiku, au ua wa mtu mwenye geti na mbwa.

Kati ya hizi nne, ndiyo inayomgusa zaidi mwizi wa vifaa na mwizi wa bajaji nzima kwa pamoja. Kwa mkwapuzi wa mchana haikusaidii chochote, maana mchana hupo huko.

Hesabu yake ifanye kwa mwaka. Ukilipa shilingi 1,000 kwa usiku, hiyo ni 365,000, na hapo hujaweka bodaboda ya kukurudisha nyumbani usiku na kukuleta alfajiri kama uwanja uko mbali. Kwa bei hiyo fundi anaweza kukutengenezea mengi. Upande wa pili, pesa inatoka kidogokidogo kutoka kwenye hesabu ya siku, na mtu ambaye hana laki moja mkononi leo hawezi kuanza na fundi.

Usumbufu mkubwa ni geti. Kuna viwanja vinavyofungua saa kumi na moja alfajiri, na kama wateja wako ni wafanyabiashara wa sokoni wanaotaka usafiri saa kumi, umeshawapoteza. Ulizia hilo kabla ya bei.

Inashindwaje? Kwa mlinzi. Anaweza kusinzia, na anaweza kuwa yeye ndiye mwizi. Kuna mahali nililaza miezi miwili nikashangaa injini imeanza kunywa mafuta. Nikabadili plagi, nikasafisha kabureta. Siku moja kabla ya kuondoka nikazamisha kijiti kwenye tangi na kukitia alama. Asubuhi alama ilikuwa juu ya mafuta kwa upana wa vidole viwili, na bajaji haikuwa imesogea. Sikugombana na mtu, nilihama.

Kwa hiyo ukienda kukagua uwanja, nenda saa nane usiku, usiende saa nne asubuhi. Angalia taa zinawaka upande utakaolaza. Uliza kama kuna daftari linaloandikwa namba ya chombo na saa ya kuingia, na kama unapewa risiti. Soma kibao cha getini: vingi vimeandikwa kwamba uongozi hauhusiki na upotevu, na ukiendelea kulipa umekubali. Waulize madereva waliolaza pale kwa muda mrefu, watakwambia ukweli ambao msimamizi hatakwambia.

Inamfaa asiye na uzio kwake, anayeishi mtaa wenye vibaka wengi, na mwenye bajaji kadhaa zinazoweza kulazwa pamoja kwa bei ya maelewano.

Alamu, swichi ya siri na GPS

Hivi vitatu huuzwa kwa pamoja lakini kazi zake zinatofautiana. Alamu inapiga kelele chombo kikitikiswa. Swichi ya siri inakata umeme wa kuwasha injini, unaificha mahali unapopajua wewe tu. Kifaa cha GPS kina laini ya simu ndani, kinakutumia mahali bajaji ilipo, na kikiunganishwa na rilei, swichi ndogo ya umeme, unaweza kuizima bajaji kwa simu.

Kwa mwizi wa bajaji nzima, GPS haina mfano. Kwa mwizi wa betri ni karibu bure, tena betri ndiyo inayokilisha kifaa chenyewe. Vingi vina kibetri cha akiba kinachodumu muda mfupi, kitakutumia ujumbe kwamba umeme umekatwa, na wewe utausoma saa kumi na mbili unapoamka. Alamu ndiyo yenye nafasi kwa mwizi wa usiku, lakini kwenye barabara yenye malori inalia mara nne kwa usiku hadi majirani wakuombe uitoe. Ukiishusha isilie ovyo, haimsikii tena mtu mwenye mikono mepesi.

Swichi ya siri ndiyo rahisi kuliko zote, waya na kitufe tu. Haizuii kusukuma, kwa hiyo ioanishe na mnyororo mnene unaopita kwenye chasisi na kuzunguka nguzo isiyong'oka. Fundi aliyekufungia anajua ilipo, na wanafunzi wake wanajua. Mimi nilimwomba fundi anionyeshe waya, kisha nikahamisha kitufe mwenyewe nyumbani.

Gharama ya GPS ni kununua, kufunga, na kuweka salio kwenye laini kila mwezi, na hilo la mwisho watu huliacha mwezi wa tatu. Kinanyonya umeme kidogo hata injini ikiwa imezimwa, na betri chovu ya bajaji iliyokaa siku tatu inaweza kugoma. Kazini hakikusumbui kabisa. Kinamfaa mmiliki aliyekabidhi chombo kwa dereva, kwani kinamjibu na maswali mengine ambayo sitayataja hapa, madereva wenzangu wasije wakaninunia.

Ndogondogo ambazo hazina mpinzani

Kuchonga namba ya usajili, ile ya MC, kwenye saiti mira, vioo vya taa, betri na redio ni kazi ya nusu saa. Haizuii mkono wa mwizi ila inamharibia soko, kwa kuwa muuzaji wa vifaa vilivyotumika hapendi kioo chenye namba ya mtu. Redio yenye uso wa kuchomoa, ingia nao ndani. Piga picha ya betri na namba zake. Ukienda polisi kuchukua RB, ile namba ya taarifa ya tukio, utakuwa na cha kuonyesha. Na kuhusu bima, ile ndogo inalipa madhara unayomsababishia mwingine, haikulipi ukiibiwa. Mwenye bima kubwa asome kama inagusa kifaa kilichoibwa peke yake bila chombo.

Kwa hali yako

Unalaza mbele ya nyumba bila uzio, ila dirisha lako lipo mita chache: anza na sanduku na flati ba ya betri, acha taa ikiwaka, kunja mapazia. Mnyororo na swichi ya siri vifuate pesa ikipatikana.

Unalaza mbali na unapolala: chuma hakitakusaidia sana. Lipia paking, au zungumza na jirani mwenye geti, na ununue kijiti cha kupimia mafuta.

Umepanga kwenye ua wa familia nyingi: geti lipo lakini watoto, wageni na mafundi wanapita. Hapo sanduku linakupa amani na majirani pia, hakuna wa kumshuku.

Kazi yako ni ya kushuka kila mara, sokoni au hospitali: pazia la zipu upande wa dereva, sanduku dogo la simu na pesa, na simu isibaki kwenye kishikio hata kwa dakika ya chenji.

Una bajaji tatu na zaidi zenye madereva: GPS kwa kila moja na uwanja mmoja wa kulaza. Ukichagua kimoja kwa sababu ya bajeti, tazama mtaa wenu huibwa nini zaidi, betri au chombo.

Una kirikuu au jipu la turubai: sanduku lenye kufuli lililofungwa kwa bolti kwenye sakafu, bolti zikiingilia ndani ya sanduku. Turubai lichukulie kama mwavuli wa mvua na wa tumbili.

Na ukiwa dereva wa mkataba, kabla hujatoa hata shilingi kwa fundi, rudini kwenye karatasi na tajiri wako muandike nani analipia sanduku, nani analipia paking, na betri ikiibwa usiku inanunuliwa na nani. Yangu ya Mbagala haikuwa na mstari huo. Betri niliilipa mimi, redio niliilipa mimi, na hesabu ya siku mbili ambazo bajaji ilikaa bila kutembea nilidaiwa hadi mwisho wa mwezi.